Dakika nane zilitosha kunikataa. Nirudi tena kwenye usaili ule?

Dada Mshauri, shikamoo.

Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni afisa mikopo. Nilianzia Kibaigwa kwenye vumbi la soko la mahindi, nikapelekwa Mpwapwa, na sasa nahudumia vikundi vya akina mama Chamwino na Bahi. Naomba jina langu lisitokee wala kampuni zisitajwe, kwa sababu sisi wa kazi ya kukopesha tunajuana wote. Ukipiga chafya Area C, aliyeko Kikuyu anakuombea afya.

Kuna kampuni kubwa kuliko yetu ilitangaza nafasi za usimamizi wa maafisa mikopo. Mshahara mzuri, na ningeachana na kupanda pikipiki kila siku. Niliomba, nikaitwa. Nilijiandaa kwa maswali niliyoyazoea: jieleze, udhaifu wako ni upi, mikopo chechefu, ile isiyolipika, utaishughulikia vipi. Nikakuta kitu kingine kabisa.

Ilikuwa kwenye ukumbi mmoja jirani na Jamatini. Tulielezwa kwamba kuna vyumba vinne. Mlangoni mwa kila chumba kuna kadi, unaisoma dakika mbili, kengele inalia, unaingia. Ndani kuna mtu anaigiza, na pembeni amekaa msaili mmoja na karatasi yake. Zikiisha dakika nane kengele inalia tena, unatoka, unahamia chumba kinachofuata. Hakuna anayekuuliza umesoma wapi wala umefanya kazi wapi. Wasifu wangu niliokesha nikiuandaa haukufunguliwa mbele yangu.

Kadi ya chumba cha kwanza ilisema: mteja amekuja na hasira, anadai afisa wako amembebea friji kwa sababu rejesho lilichelewa. Nikaingia. Mteja mwenyewe kijana mwenye tai. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikamkaribisha akae, nikamsalimia “mbukwenyi”, nikauliza habari za nyumbani, watoto, mvua za huko kwao. Yule kijana akanikazia macho: “Mimi nataka friji yangu.” Nikaendelea kumtuliza, maana mtu aliyebebewa kitu chake humvamii na sera za kampuni. Nilipotaka kuingia kwenye suala lenyewe, kengele ikalia. Msaili hakuinua hata uso.

Chumba cha pili, afisa wangu makusanyo yake hayalingani na risiti. Nikaomba daftari la marejesho. Mwigizaji akanijibu, “Hapa hakuna daftari, tuzungumze tu.” Dada, ni msimamizi gani mwenye akili timamu anayemhoji mtu habari za fedha bila daftari mezani? Nikakwama. Cha tatu nilipewa rundo la barua na ujumbe, niseme naanza na kipi na kwa nini. Cha nne nilitakiwa nimpigie simu mwenyekiti wa kikundi kilichogoma kulipa. Hicho cha nne nilikimudu, najua.

Baadaye likaja jibu kwenye simu: asante kwa kushiriki, hukufanikiwa. Basi, hakuna neno lingine.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Binti mmoja aliyemaliza UDOM, ambaye alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo na mimi ndiye niliyemfundisha hata kujaza fomu ya mkopaji, yeye kapata. Ananiita mama, na sina kinyongo naye. Ila alipokuja nyumbani kuniaga akanisimulia, kwa furaha tu, kwamba usaili ulikuwa wa siku mbili. Rafiki yake alisailiwa siku ya kwanza kama mimi, jioni wakakaa chumbani wakaigiza vyumba vyote vinne mpaka wakavizoea. Kesho yake binti akaingia anajua kila kitu.

Kampuni ile ile imetangaza nafasi nyingine, na tuliosailiwa tumeruhusiwa kuomba tena. Binti ananiambia nisiogope, atanifanyisha mazoezi, na kwa kuwa sasa yuko ndani anajua wasaili wanatafuta nini. Mume wangu anasema nikubali, kwamba mchezo ni wao na sheria zake ni zao. Mfanyakazi mwenzangu anataka niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, nikaseme tumeonewa, wazoefu wameachwa wakachukuliwa vijana. Mimi naona kila upande una shimo. Nikirudi, ni kama nimekubali kwamba dakika nane zinatosha kunipima. Nikilalamika, binti anaharibikiwa. Nikinyamaza, sitalala.

Dada, usaili wa namna ile ni haki kweli? Na mimi nifanyeje?

Mama wa Nkuhungu

*

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Barua yako ina mambo matatu uliyoyafunga kwa kamba moja. Ulipimwa kwa namna ambayo huioni kuwa ndiyo kazi yako. Wengine walijua mapema yaliyomo vyumbani, wewe hukujua. Na sasa mtu anayekupenda amekufungulia mlango wa uani. Naomba tuyafungue moja moja, kwa sababu dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya jingine.

Lakini kwanza nikuulize swali lisilopendeza. Kama ule ujumbe wa simu ungesema umepata, ungeniandikia? Sikusuti. Wanaochunguza mambo ya usaili wamelikuta hili mara nyingi: aliyepita huwa mwepesi kusema usaili ulikuwa wa haki, aliyeachwa huona kasoro zake zote, na wote wawili walipita vyumba vile vile. Hiyo haifanyi malalamiko yako kuwa ya uongo. Inatuambia tu kwamba uchungu wako peke yake si ushahidi, kama ambavyo furaha ya yule binti si ushahidi kwamba mambo yalikwenda sawa. Tutafute pengine pa kushika.

Unachokasirikia zaidi ni zile dakika nane. Mtihani wa barabarani wa leseni ya udereva nao ni mfupi, na dereva aliyeendesha lori miaka kumi akiambiwa arudi nyuma apaki, anapaki. Hatuoni kwamba ametukanwa. Ufupi si dhambi wenyewe. Utaratibu uliokutana nao una ndugu yake anayejulikana: Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada kilianza kuchagua wanafunzi wa udaktari kwa vituo vidogo vidogo vya dakika nane, na dakika mbili za kusoma kadi mlangoni, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004. Hoja yao ilikuwa hii: ukikaa na jopo moja kwa saa nzima, msaili asipokupenda dakika ya kwanza umekwisha. Ukipita vyumba vingi, kila kimoja na msaili wake, chumba kimoja kikikuharibikia vingine vinakuokoa. Ila zingatia kwamba wao walitumia vituo kumi. Wewe ulipita vinne. Kama ningekuwa na neno la kuiambia kampuni ile, lingekuwa juu ya idadi ya vyumba kabla ya urefu wa dakika.

Na mambo haya ya kumpa mtu kazi ya kuigiza ni ya zamani kuliko mimi na wewe. Mwaka 1942, katikati ya vita, jeshi la Uingereza liliunda bodi za kuchagua maofisa kwa mazoezi ya vitendo, kwa sababu usaili wa zamani ulikuwa ukimtazama kijana ametoka shule gani na ukoo gani, halafu wengi wanakwama mafunzoni. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani, chini ya mwanasaikolojia Douglas Bray, ikaanza kuwapima mameneja wake kwa mazoezi ya namna hiyo na kuwafuatilia kwa miaka. Hata lile rundo la barua la chumba cha tatu lina historia yake, lilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani. Nakutajia haya ili usidhani kuna mtu alikaa Dodoma akabuni namna ya kuwaaibisha watu wazima.

Tena kuna jambo linalonichekesha kidogo. Uchunguzi wa mwaka 2010 uliojumlisha maoni ya watu wa nchi nyingi ulionyesha kwamba waombaji wenyewe huzipenda zaidi njia mbili: mahojiano, na kupewa kipande cha kazi ukifanye mbele ya msaili. Zilizo chini kabisa ni pamoja na kupata kazi kwa kujuana. Wewe na mimi tumeona nafasi ngapi hapa mjini zikijazwa kwa simu ya mjomba? Ungepewa uchague kati ya mjomba na kijana mwenye tai, nafikiri ungemchukua kijana mwenye tai.

Hata hivyo njia kupendwa na wengi si sawa na kupima vizuri, na mahali hapa wenye fani wenyewe wamepunguza sifa zao. Mwaka 1998 watafiti Schmidt na Hunter waliuweka mtihani wa kufanya kazi yenyewe karibu na kilele, kwa alama 0.54 kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea. Mwaka 2005 Roth na wenzake waliupitia upya wakaushusha hadi 0.33. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba vyumba vile vimeonyesha wewe ni nani, ana haraka. Vimeonyesha ulifanya nini asubuhi moja. Na kwa kampuni, hiyo ni afadhali kuliko kubahatisha, ndiyo maana wanaendelea.

Sasa nije kwenye “mbukwenyi” yako, kwa sababu hapo ndipo barua yako ina uzito.

Mtafiti Stephen Gilliland aliandika mwaka 1993 mambo kumi ambayo msailiwa huyatazama anapoamua kama ametendewa haki. Sitakupa yote. Mawili yanakuhusu sana: je, kilichopimwa kinahusiana na kazi yenyewe, na je, ulipewa nafasi ya kuonyesha unachokiweza? Wewe unasema hapana kwa yote mawili. Kampuni inayokopesha Chamwino na Bahi, ikitengeneza mteja asiyejibu salamu, imetengeneza mteja wa wapi? Mama wa kikundi hata akija na hasira ya kuvunja meza, ukimwamkia ataitika kwanza, kisha avunje. Kwenye kazi yako salamu ndiyo nusu ya rejesho, hasa siku hizi ambapo watu wamechoshwa na mikopo ya kausha damu na wanamwogopa kila anayekuja na daftari. Kama karatasi ya yule msaili haikuwa na mahali pa kuandika hayo, basi kipimo kina pengo, na ni wewe mzoefu unayeweza kuwaeleza, yule binti aliyemaliza chuo juzi hawezi.

Lakini subiri kidogo. Unajuaje kwamba salamu ndiyo iliyokuangusha? Hukuambiwa. Huenda kwenye karatasi ile kulikuwa na mstari wa “anamheshimu mteja” na ukapata alama zote. Huenda ulipoteza alama chumba cha tatu, ambacho umekitaja kwa sentensi moja tu ukakipita. Pia nafasi uliyoomba si ya afisa mikopo, ni ya msimamizi. Msimamizi anaketi ofisini, nje kuna foleni, na mteja wa friji ni wa tano tangu asubuhi. Inawezekana walitaka kuona kama unaweza kuheshimu na kuamua ndani ya muda mfupi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema umejaza mwenyewe nafasi ambayo kampuni imeiacha wazi kwa kutokukueleza, na umeijaza kwa jibu linalokuumiza zaidi.

Kuhusu daftari, nakuelewa kabisa. Mtu wa fedha bila daftari ni kama amevuliwa. Ila mazoezi haya yana tabia moja ambayo hamkuelezwa na mlipaswa kuelezwa: msaili hawezi kuandika ulichokifikiri, anaandika ulichokisema. Mtu akisema kwa sauti, “Bila daftari siwezi kukutuhumu, kesho saa mbili njoo nalo na risiti zote, leo makusanyo yatapokelewa na mwenzako”, amefanya usimamizi mbele ya macho yao, na daftari halipo. Ukinyamaza kwa sababu njema, wao wanaona kimya tu. Je, hiyo ni haki kwa mtu ambaye hajawahi kuona usaili wa aina hii? Nadhani walipaswa kuwaambia kabla, nyote, namna vyumba vinavyokwenda. Hapo malalamiko yako yana miguu.

Tuje kwa binti, na hapa naomba tutembee polepole.

Kusaili watu siku mbili kwa kadi zile zile ni uzembe wa mwandaaji. Watu watazungumza, ni binadamu, na hosteli zina kuta nyembamba. Anayejali usawa hubadilisha kadi za siku ya pili. Kwa hiyo ukitaka kulisema jambo hili, mtu wa kwanza wa kuulizwa si binti, ni aliyepanga ratiba. Unaweza kuuliza bila kutaja mtu: je, kadi za siku zote zilikuwa moja? Na safari ijayo zitakuwa tofauti? Swali hilo peke yake linaweza kuwatosha. Lakini sikufichi hatari yake. Umeniambia mwenyewe kwamba chafya ya Area C inasikika Kikuyu. Wakijua kwamba binti alifundishwa kazi na wewe, wanaweza kuunganisha. Yeye ni mgeni kazini, na mgeni ndiye anayeondolewa kwanza.

Binti alidanganya? Naona unasitasita, na mimi nasitasita pamoja nawe. Kama wasailiwa walikatazwa kusimulia, rafiki yake alivunja ahadi, na binti alinufaika. Kama hakuna aliyekatazwa, walifanya mazoezi kama wanafunzi wanavyofanya kwa mitihani iliyopita. Hukuniandikia kama mlikatazwa. Jaribu kukumbuka, maana jibu hilo linabadilisha mengi, likiwemo suala la msaada anaokupa sasa.

Maana msaada huo una sura mbili. Akikaa nawe akajifanya mteja mwenye hasira, akakushikia saa, akakusaidia kuzoea kufikiri kwa sauti, sioni ubaya. Hata mume wako anaweza kuifanya kazi hiyo, na watoto wakacheka. Akikuletea anachokijua kwa kuwa yuko ndani, yaani karatasi za alama au kadi mpya, hilo ni jambo jingine. Anaweka kazi yake rehani kwa ajili yako, na wewe ukishapokea, neno lako kuhusu usawa linakufia mdomoni. Mume wako anasema mchezo ni wao. Sawa. Lakini ukipata kazi kwa njia hiyo, utakuwa msimamizi unayewadai maafisa wako risiti zilinganane na makusanyo. Utajisikiaje? Labda vizuri tu. Watu hatufanani, na ada za shule hazisubiri. Wewe ndiye unayejijua.

Na Tume? Mwenzako amekushauri kwa nia njema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na inamhesabu hata anayeomba kazi. Imetaja misingi: kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingine. Umri umo. Umeniandikia kwamba mwenzako anasema wamechukuliwa “vijana”. Je, kuna mtu alisema neno lolote kuhusu umri, kwenye tangazo, mlangoni, popote? Je, waliopata wote ni vijana, au unamjua mmoja tu? Kama kuna kitu cha kushika, nenda ukawasikilize, na uende mapema, maana mashauri ya kazi yana muda wake wa kufungua. Kama kilichopo ni kwamba mtihani ulikuwa mbaya na mfupi, basi mtihani mbaya kwa wote si lazima uwe ubaguzi, na utatumia nauli na nguvu nyingi kwenye njia ndefu. Fikiria pia kwamba unafanya kazi kwenye fani hiyo hiyo, mji huo huo.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja, nayo ni kuuliza. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na inampa mtu haki ya kuomba kujua taarifa zake ambazo mwingine anazishikilia. Alama zako za vyumba vinne ni habari zako. Huenda wasikupe karatasi yenyewe, huenda wakakupa maelezo mafupi, huenda wasijibu. Lakini barua ya kuomba maelezo haina ugomvi ndani yake, na jibu lake, hata likiwa la kukwepa, litakuambia kitu kuhusu watu unaotaka kuwafanyia kazi. Hapo pia pana hatari: afisa rasilimali watu mwenye moyo mdogo anaweza kukuandika kama msumbufu kabla hujaomba tena. Wengine hufurahi kuona mtu anayetaka kujua alipokosea. Huwezi kujua utakutana na yupi.

Unaniambia kwamba ukirudi utakuwa umekubali dakika nane zinatosha kukupima. Nani amesema? Mtu anaweza kuingia kwenye mtihani anaoudharau, akaufanya vizuri, akatoka bado anaudharau. Mwingine anaona kwamba heshima yake haivumilii hilo, akabaki na vikundi vyake vya Bahi, na akina mama wale wakamshukuru. Nikisoma barua yako naona unaipenda kazi ya vikundi kuliko unavyojua. Umeniandikia mvua za huko na habari za watoto, ila kuhusu kazi ya usimamizi umetaja mshahara na kuachana na pikipiki. Hizo ni sababu za kweli kabisa, mgongo una haki yake. Nakuuliza tu kama usimamizi wenyewe unautaka, au unataka watambue kwamba ulistahili. Unaweza kutaka vyote. Ila barua ya kuomba maelezo inahudumia hilo la pili, na maombi mapya yanahudumia la kwanza, kwa hiyo usiipe moja kazi ya nyingine.

Ukiamua kuandika, andika ukurasa mmoja usiozidi. Taja nafasi uliyoomba na siku uliyosailiwa. Omba maelezo ya kila chumba, siyo alama ya jumla tu. Uliza kama salamu na namna ya kumpokea mteja wa vijijini ni sehemu ya kinachopimwa, kwa sababu swali hilo linaonyesha uzoefu wako bila kujisifu. Uliza kama kadi hubadilishwa siku kwa siku. Liache jina la binti, liache neno “kuonewa”. Ipeleke kabla maombi mapya hayajafungwa ili jibu, kama lipo, likukute bado una nafasi ya kuchagua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Atakayeisoma kwanza kabla hujaipeleka awe mume wako, kwa kuwa yeye ndiye hakubaliani nawe, naye atayaona maneno makali ambayo mimi na wewe tungeyapita.

Dada Mshauri